Majitaka Yanapotoa Ushahidi

Mtu akiulizwa kama anatumia kokeini, huenda akakana. Mkojo wake hauwezi. Kokeini ikipita mwilini hugeuka kuwa benzoilekgonini, kemikali inayosafiri na maji ya choo hadi kwenye mtambo wa kusafishia majitaka. Mwaka 2005 Ettore Zuccato na wenzake wa Milan waliisaka katika mto Po, Italia, wakakadiria kuwa kila siku mto ule ulibeba mabaki yanayolingana na kilo 4 hivi za kokeini. Takwimu rasmi zilikuwa chini mno.

Tangu 2011 watafiti wa mtandao wa SCORE hupima majitaka ya miji ya Ulaya kwa juma moja kila mwaka. Walianza na miji 19. Sasa imepita 100. Kokeini imetamalaki magharibi na kusini: Antwerp, Amsterdam, Barcelona. Nchini Sweden utakuta amfetamini kwa wingi. Methamfetamini, kwa miaka mingi, ilikuwa mambo ya Ucheki na Slovakia.

Kuna wanaoeleza tofauti hizi kwa hulka za mataifa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Kokeini hufuata makontena: mwaka 2023 forodha ya Ubelgiji ilikamata tani 116 katika bandari ya Antwerp pekee. Ucheki haina bahari, na zama za ukomunisti mipaka yake ilifungwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 vijana walijifunza kupika methamfetamini majumbani kwa dawa za mafua na kikohozi kutoka maduka ya dawa. Waliiita pervitini, jina la vidonge vilivyotengenezwa Berlin kuanzia 1938 na kugawiwa askari wa Hitler. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, mapishi yalikuwa yamekwisha kukomaa. Leo miji ya Ujerumani iliyo jirani na mpaka wa Ucheki, kama Chemnitz na Dresden, nayo ina viwango vya juu vya methamfetamini.

Kwetu mirungi, au miraa, inaonyesha jambo hilohilo, kwamba njia na mipaka ndiyo huamua, si hulka: kathinoni, kiini cha nguvu yake, hupungua haraka majani yakinyauka, ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru hukimbia vile. Nchini Kenya huuzwa hadharani. Ukivuka Namanga kuingia Tanzania, ni kosa la jinai.

Hata hivyo majitaka nayo huweza kupotosha. Mwaka 2011 kiwango cha MDMA, dawa ya kulevya iitwayo pia ekstasi, kilipanda ghafla Utrecht, Uholanzi. Molekuli zake zina maumbo mawili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mwili humeng'enya moja haraka kuliko jingine. Katika majitaka yale maumbo yote mawili yalikuwa karibu sawa, ishara kwamba dawa haikupita mwilini mwa mtu. Ilikuwa imemwagwa moja kwa moja. Polisi walikuwa wamevamia kiwanda cha siri siku chache kabla.