Ndeke ya Watu Wawili Isiyo na Motere



Wakati wa kiangazi, pori likiwaka moto pembeni ya Likasi, mnaona kipanga akizunguka juu bila kupiga mabawa. Hewa ya moto inapanda, naye anapanda nayo. Kuna ndeke inayofanya vilevile, haina motere. Inavutwa juu kwa kamba ndefu, ama na ndeke ingine, kisha inaachiliwa. Leo tuone namna wanavyojenga ile ya kufundishia: mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma yake.

Jambo la kwanza ni uzito. Kila ndeke ina kitovu cha uzito, ndipo mahali ungeweza kuitundika ikabaki sawasawa. Kitovu kikienda nyuma sana, pua inainuka, mbio inapotea, na ndeke haitii tena. Sasa mwalimu leo yupo, kesho hayupo, maana mwisho mwanafunzi ataruka peke yake. Ndiyo sababu kiti cha mwalimu kinawekwa karibu na kitovu: akishuka, usawa haubadiliki sana. Kiti cha mbele kiko mbali na kitovu, basi mwanafunzi mwepesi anaongezewa vipande vya risasi.

Lakini mabawa nayo yanataka kukaa palepale karibu na kitovu, na yangemziba mwalimu macho. Mafundi walifanya nini? Walisogeza shina la bawa nyuma kidogo, kisha wakaelekeza ncha zake mbele. Tazama ASK 13 ya Ujerumani, iliyochorwa na Rudolf Kaiser, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1966. Mwili wake ni tiyo za chuma zilizolehemiwa, sawa kinga, zikafunikwa na kitambaa. Mabawa ni mbao na kontreplake zilizoshikwa na gundi, mita 16 toka ncha mpaka ncha. Ikiwa tupu ina kilo karibu 300. Pamoja na watu haipashwi kupita 480. Hewa ikitulia, kila mita 1 inayoshuka inakwenda mbele mita karibu 27. Ukiachiliwa juu ya Likasi kwa urefu wa kilometa 1, unaweza kufika karibu na Kambove.

Ndani kuna fimbo mbili za kuongozea, zimefungana. Mwanafunzi akikosea, mwalimu anarudisha paka kwa mkono wake.

Kuna kosa ambalo mkono wa mwalimu hauwezi kulirudisha. Ni lile la mhimili, kile kiungo kirefu ndani ya bawa chenye kubeba uzito wote. Blaník L-13 ya Chekoslovakia, iliyoruka kwanza mwaka 1956, ilijengwa kwa duralumini. Duralumini ni aluminiamu yenye shaba karibu 4 ku mia. Ndiyo, shaba, ile ambayo Shituru iliyeyusha miaka mingi! Aluminiamu peke yake ni laini, shaba inaitia nguvu. Hata hivyo inachoka. Chukua waya, uikunje na kuikunjua mara nyingi: itakatika, hata kama hukuivuta kwa nguvu. Bawa nalo linakunjika kidogo kila safari.

Mwezi wa sita 2010, kule Austria, bawa la Blaník moja lilivunjika angani. Watu wawili walikufa. Ufa ulikuwa umeanza pole pole ndani ya mhimili, mahali ambapo mtu akisimama nje haoni. Ndeke za aina ile zikakatazwa kuruka.

Kwa hiyo kila ndeke ina kitabu chake, na kila safari inaandikwa humo, ndogo na kubwa, ili mafundi wajue siku ya kufungua bawa na kutazama ndani. Mwenye kuruka mara kumi akaandika saba, hakuiba kitu cha mtu. Lakini atakayekaa kesho ku kiti cha mbele, pengine ni mtoto wa miaka kumi na sita, atahesabu juu ya zile tatu bila kujua.