Pumzi Haihitaji Askari

Leo twataka kuzungumza juu ya taabu ambayo wengi huificha kwa kuona haya, nayo ni hofu ya pumzi.

Yuko mtu ambaye mchana hana neno, lakini usiku akijilaza huanza kusikiliza jinsi anavyopumua. Hujiuliza, “Je, hewa imefika chini? Mbona hii ilikuwa fupi?” Huvuta nyingine kubwa zaidi, kisha nyingine. Punde si punde moyo humwenda mbio, vidole hufa ganzi, kifua humbana, na kichwa humzunguka. Hapo husema, “Nimekwisha! Huu ni ugonjwa wa moyo.” Mkewe hukimbia kumwamsha jirani mwenye gari. Hospitalini daktari humpima na kumwambia moyo wake ni mzima. Siku tatu baadaye mambo ni yale yale. Wako wasemao anajisingizia, na wako wasemao amerogwa. Sisi twasema hajisingizii wala hajarogwa. Yampasa aelezwe tu.

Kwanza tufahamu jinsi pumzi inavyoendeshwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Tukihesabu mara 14 tu, kwa siku moja zapita 20,000. Ni nani awezaye kuzisimamia zote? Kazi hiyo imekabidhiwa sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, nayo haisinzii hata sisi tukilala fofofo. Mwaka 1905 wataalamu wawili wa Uingereza, John Scott Haldane na mwenzake Priestley, walionyesha kwamba kitu kinachotuhimiza kupumua hasa ni ile hewa ya kaboni tunayoitoa. Ikizidi kidogo katika damu, ubongo huongeza pumzi. Ikipungua, ubongo huipunguza.

Basi mtu akianza kuvuta pumzi kubwa kubwa bila kazi yo yote, huitoa hewa hiyo ya kaboni kupita kiasi. Oksijeni haikumpungukia, bali ilimtosha tangu mwanzo. Lakini kaboni ikishuka, mishipa ya damu ya ubongoni hujibana, na kizunguzungu huingia. Damu nayo hupungua ukali wake wa asidi, ndipo vidole na midomo huchomachoma na kufa ganzi. Misuli ya kifua iliyotumikishwa mno huuma. Na ajabu ni hii: mtu huyo husikia kana kwamba hewa haitoshi, kwa hiyo huvuta zaidi. Ni kama dereva aliyekwama matopeni: kadiri anavyokanyaga mafuta, ndivyo gurudumu linavyozidi kuzama.

Na moyo je? Hofu humwaga adrenalini katika damu, nayo huuamuru moyo kwenda mbio kana kwamba simba yuko mlangoni. Tena moyo na pumzi ni majirani. Tukivuta hewa, moyo huharakisha kidogo. Tukiitoa, hupunguza mwendo. Hilo ni jambo la kawaida, hasa kwa vijana. Lakini mwenye kushika mkono wake kila saa akihesabu mapigo, hudhani moyo unaruka. Tangu ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, wengine wamejinunulia kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, nao hukitazama mara nyingi kuliko saa.

Jambo hili si geni. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865, daktari Jacob Mendes Da Costa aliandika mwaka 1871 habari za askari zaidi ya 300 waliolalamika kwamba moyo unadunda, kifua kinauma na pumzi ni fupi. Katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu wengine walileta malalamiko hayo hayo. Mwaka 1918 daktari Thomas Lewis wa Uingereza alitoa kitabu juu yao, akieleza kwamba wengi hawakuwa na ugonjwa katika moyo wenyewe. Mashujaa hawa hawakuwa waongo. Mwili ulikuwa umejifunza kuogopa.

Sasa tuulize swali lenyewe: je, kuilinda pumzi hivi kwaweza kuudhuru moyo? Moyo ulio mzima hausimamishwi na shambulio kama hilo. Hupita, hata likitisha namna gani. Lakini kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa mishipa ya moyo, kutweta kwa nguvu kwaweza kuibana mishipa hiyo, kwa hiyo tusidharau. Hata hivyo, hasara kubwa kwa wengi huja polepole kwa njia nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu huyu huacha kupanda kilima kwenda sokoni, kwa maana akitweta huogopa. Huacha jembe. Hupanda pikipiki hata kwa safari ya hatua mia mbili. Usingizi humpungua. Miaka ikipita, presha yaweza kupanda na mwili hunenepa. Alikusudia kuulinda moyo, kumbe ameunyima kazi ambayo ndiyo chakula chake.

Afanye nini basi? La kwanza, apimwe vizuri mara moja na mganga wa hospitali: kifua, moyo, presha na damu, kwani pumu na upungufu wa damu pia hukatiza pumzi. La pili, akiisha kuambiwa ni mzima, asizunguke kutoka zahanati hii hadi ile akitafuta jibu jingine. La tatu, asipigane na pumzi. Akiisikia, aseme, “Naam, napumua,” kisha aendelee kuchambua mboga au kusoma gazeti lake. Haitoki kwa kufukuzwa. Husahauliwa kwa kuachwa. La nne, arudi kutembea kidogo kidogo, mpaka afikishe dakika 150 kwa juma. Akitweta kilimani, atajifunza kwamba kutweta ni kazi ya mapafu, si dalili ya kifo. Hofu ikizidi nguvu zake, wako wauguzi na washauri waliofunzwa kuitibu kwa mazungumzo, na wengi hupona.

Tuongeze maonyo mawili. Lile shauri la zamani la kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi tuliache, kwa maana laweza kumdhuru mwenye pumu au ugonjwa wa moyo wa kweli. Tena kupumua polepole, kama mara 6 kwa dakika kwa muda mfupi, kumeonekana kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, lakini hakuchukui nafasi ya vidonge vya daktari.

Na mtu akipatwa na maumivu ya kifua yanayobana na kuenea hadi mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho baridi, au akizimia, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi huku miguu imevimba, asikae nyumbani akijiambia ni wasiwasi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Ndugu zetu, nyumba yenye mlinzi mwaminifu haihitaji mwenyewe akeshe dirishani. Usiku wa leo pumzi yako itafanya kazi yake nawe umelala. Mwachie zamu mlinzi aliyepewa.