Msumeno wa Umeme wa Mkononi: Sababu ya Kuruka Nyuma na Njia za Kujikinga

Katika miji ya Kenya, na hata katika vijiji vingi vilivyopata umeme, sauti ya msumeno wa mviringo husikika siku hizi tangu asubuhi hadi jioni. Kazi ambayo zamani iliwachukua maseremala wawili nusu ya siku kwa msumeno wa kuvuta, sasa hufanywa na mtu mmoja kwa muda mfupi tu. Faida hiyo haina shaka. Lakini chombo kiwezacho kupasua ubao wa mvule chaweza pia kukata kidole kabla mwenye kidole hajahisi maumivu, na mikono ya seremala ndiyo shamba lake na ndiyo akiba yake. Kwa hiyo yampasa kila mtu atumiaye msumeno huu, na kila tajiri aajiriye mafundi, afahamu jinsi unavyofanya kazi na kwa nini huwaumiza watu.

ASILI NA NGUVU YA CHOMBO HIKI

Misumeno ya mviringo ya viwandani ilikuwako tangu karne ya 18, lakini ule wa kushikwa mkononi ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1920 na mtu aitwaye Edmond Michel. Husimuliwa ya kwamba alipata wazo hilo katika jimbo la Louisiana, alipowatazama wakata miwa wakitaabika kwa mapanga, akajaribu kutia mota katika panga. Kutoka katika jaribio hilo ukazaliwa msumeno wa maseremala.

Msumeno wa kawaida una kisahani cha chuma chenye upana wa inchi 7¼, yaani milimita 184, nacho huzunguka mara 5,000 hivi kwa dakika. Mtu akifanya hesabu, ataona ya kuwa ncha ya kila jino husafiri kwa mwendo upitao kilomita 170 kwa saa. Kisahani kikiwa na meno 24, basi meno 2,000 hupita mahali pamoja katika sekunde moja. Ndiyo sababu hakuna mtu, hata awe mwepesi namna gani, awezaye kuondoa mkono wake baada ya kuiona hatari. Usalama wote hutengenezwa kabla swichi haijabonyezwa.

KWA NINI MSUMENO HURUKA NYUMA

Ajali mbaya za msumeno huu hutokea mara nyingi unaporuka kutoka katika ubao na kumrudia fundi. Wengi hudhani ya kwamba jambo hilo ni bahati mbaya, kumbe lina sababu yake iliyo wazi.

Kisahani huzunguka hivi: meno yaliyo mbele hupanda juu yakikata ubao, na meno yaliyo chini huenda mbele, mbali na fundi. Maadamu meno yanakata, hakuna neno. Lakini mkato ukijifunga na kukibana kisahani, meno hayawezi tena kukata. Hushika ubao kama gurudumu la baiskeli lishikavyo ardhi baada ya kuzunguka bure katika matope. Na kwa kuwa meno ya chini husukuma mbele, mashine yenyewe haina budi kwenda nyuma. Hupanda juu ya ubao na kumwendea mwenye kuishika, pengine mapajani, pengine kwenye mkono alioutanguliza.

Basi swali kubwa ni hili: ni nini kiufanyacho mkato ujifunge? Sababu zake ni nne. Ya kwanza, ubao umewekwa vibaya ukazama katikati. Ya pili, kisahani ni butu. Ya tatu, fundi ameupinda msumeno ili arudi kwenye mstari alioupotea. Ya nne, mti wenyewe una unyevu au umejikunja, ukajifunga unapopasuliwa. Fundi azikumbukaye sababu hizi nne ameshaepuka sehemu kubwa ya hatari.

NAMNA YA KUUWEKA UBAO

Kosa lionekanalo mara kwa mara ni kuulaza ubao juu ya mabenchi mawili, moja kila upande, kisha kukata katikati. Mkato ukaribiapo kwisha, uzito huivuta sehemu ya kati kwenda chini, na kingo za juu za mkato hukutana zikakibana kisahani.

Iliyo njia nzuri ni kuuegemeza ubao upande mmoja, na kukiacha kipande kinachokatwa kining'inie nje ya benchi, kipate kuanguka chenyewe. Kipande hicho kikiwa kirefu au kizito, hufaa kitegemezwe kidogo kisipasuke kabla ya wakati, lakini kisiinuliwe juu. Kama ni ubao mpana, kwa mfano plaiwudi, yafaa kutandika vibao vinne chini yake, viwili kila upande wa mstari, ili pande zote mbili zibaki zimelala sawasawa hata baada ya kukatwa.

Ubao sharti ufungwe kwa jiliwa au klampu. Haifai kamwe kuushika kwa mkono mmoja na kuendesha msumeno kwa mkono wa pili, wala kuuweka juu ya goti au mguu. Desturi hiyo imewaponza wengi.

KUUTAYARISHA MSUMENO

Kabla ya kugusa kisahani kwa sababu yo yote, plagi ichomolewe. Kuzima swichi tu hakutoshi, kwa maana kidole chaweza kuigusa tena bila kukusudia. Baada ya hapo fundi na atazame mambo haya:

Kwanza, kisahani kiwe kikali, kisiwe na ufa, na bolti yake iwe imekazwa barabara. Mvule mara nyingine huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, navyo hulegeza makali upesi. Mbao kuukuu zilizotumiwa kushikilia zege huwa na saruji na misumari. Yapasa kwanza zisafishwe na misumari yote ing'olewe.

Pili, kifuniko cha chini kiwe kinarudi chenyewe kwa nguvu ya springi yake. Mafundi wengine hukifunga kwa waya au hukizuia kwa kabari ili kisiwasumbue. Hilo ni jambo la hatari kabisa, maana kifuniko hicho ndicho kikingacho mguu wa fundi ashushapo msumeno ungali unazunguka. Kikikwama, kisafishwe maranda au kirekebishwe, wala kisifungwe.

Tatu, kina cha kisahani kipimwe kulingana na unene wa ubao. Meno yapite chini ya ubao kwa kiasi cha robo inchi tu, yaani milimita 6 hivi. Kisahani kilichojitokeza sana huongeza hatari ya kuruka, na hukata cho chote kilicho chini, pamoja na benchi, waya na vidole.

Nne, waya wa umeme uwe mzima, na uwe na plagi. Kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi kwa njiti za kiberiti kumewafikisha watu mautini. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, na nguvu hiyo yatosha kumwua mtu, hasa akisimama juu ya ardhi yenye maji. Karakana yenye swichi ikatayo umeme yenyewe pindi uvujapo imejiwekea kinga kubwa.

WAKATI WA KUKATA

Fundi asimame kando ya mstari wa msumeno, asisimame nyuma yake sawasawa, ili ukiruka upite ubavuni. Mikono yote miwili iwe juu ya vishikio viwili vya mashine. Waya upitishwe nyuma, mbali na njia ya meno. Uso mzuri wa ubao uelekezwe chini, kwa kuwa meno hutokea juu na huuchanachana uso wa juu.

Swichi ibonyezwe kabla kisahani hakijagusa ubao, na fundi angoje hata mzunguko ufikie nguvu yake yote. Baada ya hapo ausukume msumeno polepole bila kuulazimisha. Sauti ya mota ikishuka, hiyo ni ishara ya kwamba umeanza kubanwa. Hapo aachilie swichi mara moja, na aushikilie msumeno hapo hapo ulipo mpaka kisahani kisimame kabisa. Asiurudishe nyuma ungali unazunguka. Halafu achomoe plagi, autafute mzizi wa jambo, pengine atie kabari ndogo katika mkato ili uwe wazi, ndipo aanze upya.

Mtu asipeleke mkono chini ya ubao wakati wo wote kisahani kinapozunguka. Na baada ya kukata, asiuweke msumeno chini kabla kifuniko hakijajifunga na meno hayajatulia.

MAVAZI, MACHO NA PUMZI

Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na skafu, mkufu na kamba za koti vivuliwe. Glovu zilizolegea hazifai, kwa sababu meno huzidaka na kuuvuta mkono pamoja nazo. Miwani ya kinga ni lazima. Kibanzi kimoja kidogo chaweza kupofusha jicho. Masikio nayo yahitaji kuzibwa, kwa maana kelele ya kila siku hulipunguza sikio nguvu bila mtu kujua.

Vumbi la mbao si jambo la kudharau. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lililiweka vumbi hilo katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Afanyaye kazi hii kila siku yampasa avae barakoa ifaayo, na karakana iwe na hewa ya kutosha.

WAJIBU WA TAJIRI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, humtaka mwajiri aweke kinga katika sehemu za hatari za mashine na awafundishe watu wake. Katika mwaka huo huo ilitungwa pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Tajiri asemaye ya kwamba kifuniko hupoteza wakati na akumbuke ya kuwa mfanyakazi mmoja akiumia, kazi yote husimama. Wala mwanafunzi asikabidhiwe msumeno kabla hajafundishwa na kusimamiwa na fundi stadi.

AJALI IKITOKEA

Jeraha libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu ya kifua, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Jeraha lisitiwe majani, mafuta ya taa wala majivu. Kama kidole kimekatika, kisitupwe: kivingirishwe katika kitambaa safi kilicholowa maji kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki na kufungwa, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, kwa maana barafu huiua nyama. Madaktari wa upasuaji mara nyingine huweza kukirudisha, kikifika mapema na kikiwa kimehifadhiwa hivyo.

Kutazama ubao, kupima kina na kufunga klampu huchukua muda wa dakika mbili au tatu. Fundi ajizoezaye kuzitoa dakika hizo kabla ya kila mkato atamaliza kazi yake jioni, na kesho yake atarudi karakanani akiwa na vidole vyake vyote kumi.