Ndigana Moja, Vimelea Vingi

Mfugaji wa Ushirombo akipapasa chini ya sikio la ndama na kukuta tezi imevimba, hahitaji kuambiwa: hii ni ndigana kali. Homa imeshapanda, na ndama asipotibiwa mapema mapafu yatajaa maji. Toka Bukombe hadi Pwani ugonjwa huu una jina moja. Kimelea chake, Theileria parva, kina sura nyingi.



Sura hizo huzaliana ndani ya kupe anayeueneza ugonjwa. Kwenye mwili wa ng'ombe kimelea hujigawa tu. Lakini kupe kahawia wa masikio akinyonya damu yenye vimelea vya aina mbili, hivyo hujamiiana tumboni mwake na kutoa kizazi chenye jeni zilizochanganyika. Ghala kubwa kuliko yote la vimelea hivi ni nyati, ambaye huishi navyo bila kuugua. Na pori la Kigosi haliko mbali na Ushirombo.

Ndiyo maana chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970 hubeba vimelea hai vya aina tatu: Muguga, Kiambu 5 na Serengeti. Ng'ombe hudungwa vimelea hivyo pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini muda mrefu, augue kidogo, abaki na kinga. Vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba aina za Muguga na Serengeti zinakaribia kuwa pacha. Utatu huo, basi, ni mwembamba kuliko unavyosikika. Hata hivyo umeokoa ndama wengi wa Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania, wengine wakichungwa jirani na nyati. Kule kwenye hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mambo yalikuwa tofauti: ng'ombe waliochanjwa, wakaachiwa malisho ya nyati, waliugua na kufa. Askari wa mwili humtambua adui kwa vipande vidogo vya protini, na vipande hivyo hubadilika kati ya aina moja ya kimelea na nyingine.

Ng'ombe nao hawatulii. Wasukuma wamehama na mifugo yao kutoka Shinyanga hadi Katavi, Rukwa na Morogoro, kupe wakiwa masikioni, na vimelea vikasafiri nao.

Kwa hiyo, mfugaji, kabla ya kuchanja mweleze mtaalamu wa mifugo ng'ombe wako wametoka wapi na kama wanachungwa palipo na nyati. Na josho usiliache: chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe, kama ndigana baridi na mkojo mwekundu.