KOMPYUTA INAPOKIMBIZWA KUPITA UWEZO WAKE



 

Ndugu wasomaji, wanafunzi wetu na wazazi, katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo vijana wetu wa madarasa ya juu wanalipenda sana, nalo ni kuiongezea kompyuta mwendo kwa upande wa ramu na madabodi. Mafundi huliita ovakloki. Hatuandiki ili kulikataza. Tunaandika kwa sababu lilitufika ofisini mwetu, likakaribia kumrudishisha darasa binti mmoja, na likatufanya tumshuku mtu asiye na kosa.

YALIYOTOKEA

Kompyuta ya ofisi yetu iliunganishwa na fundi kwa vipande. Ilikuwa na vijiti 2 vya ramu aina ya DDR4, kila kimoja GB 8. Kwenye lebo imeandikwa 3200, lakini mashine ilikuwa ikiviendesha kwa 2400. Vijana wakatuambia, "Ustadh, mna gari la gia tano mnaliendesha kwa gia ya tatu." Wakaingia kwenye bayosi, wakawasha mpango unaoitwa XMP, na mashine ikaenda 3200 bila tatizo. Baadaye mfadhili mmoja akatupa vijiti vingine 2 vya kiwango hicho hicho. Tukavichomeka, mashine ikawaka, tukasema alhamdulillah.

Haikuzima wala haikulalamika. Mara moja moja skrini ilikuwa ya buluu, tukausingizia umeme. Faili moja la picha za Maulidi likakataa kufunguka, tukaisingizia flashi. Kisha orodha ya alama ikachapishwa, na binti aliyepata 76 katika Fiqhi akaonekana na 36, chini ya alama ya kufaulu. Sote tukamgeukia dada karani. Yeye akatoa nakala aliyoichapisha kabla ya vijiti vipya kuwekwa, na humo ilikuwa 76. Aya ya 6 ya Suratul Hujuraat tunaifundisha kila mwaka, na hatukuitumia siku ile.

Je, ni ramu kweli iliyobadili alama? Kuapa hatuwezi, kwani kidole cha mtu pia huteleza. Lakini jambo hili linawezekana. Ndani ya kompyuta tarakimu 7 huandikwa 00110111, na tarakimu 3 huandikwa 00110011. Tofauti yao ni alama moja tu, yaani biti moja.

KWA NINI RAMU HUKOSEA

Biti katika ramu ni chaji ndogo mno ya umeme iliyowekwa kwenye kijichombo kinachovuja. Mfano wake ni kata iliyotoboka: ukitaka maji yabaki, huna budi kuyajaza tena na tena. Katika DDR4 kila kijichombo hujazwa upya kila baada ya milisekunde 64, na joto likizidi huvuja haraka zaidi. GB 32 ni vijichombo zaidi ya bilioni 270. Kimoja tu kikikosea, hakuna kengele itakayolia, kwa sababu ramu nyingi za kompyuta za kawaida hazina mfumo wa kujisahihisha.

Huo ni upande wa kijiti. Upande wa pili ni njia. Namba 3200 maana yake ni kwamba kila waya kati ya ramu na prosesa hupitisha ishara milioni 3,200 kwa sekunde. Muda wa ishara moja hautoshi hata nuru kusafiri sentimita 10. Katika madabodi za kawaida njia ni 2, na kila njia ina nafasi 2 za kuchomeka vijiti. Ukiweka kijiti kimoja kwa kila njia, ishara hupita vizuri. Ukiweka viwili, ishara hugawanyika na kurudisha mwangwi, mfano wa watu wawili wanaojibu kwa pamoja chumba kimoja, msikilizaji asijue neno la nani ni lipi. Ndiyo maana vijiti 4 vizima kabisa vinaweza kushindwa mwendo ambao 2 kati yake viliuweza. Na sehemu ya prosesa inayoiongoza ramu nayo ina uwezo wake. Zamani sehemu hiyo ilikuwa kwenye madabodi. AMD waliihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 na Intel mwaka 2008.

Vijana wengi hudhani XMP si ovakloki kwa kuwa imo kwenye lebo. Lebo inasemea kijiti peke yake, haisemei madabodi yako wala prosesa yako.

TULIVYOKITAFUTA KIKOMO

Kanuni yetu ilikuwa kubadili kitu kimoja, kupima, kisha kuandika kwenye daftari. Ukibadili vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ni ipi.

Kwanza tulirudisha bayosi kwenye hali ya kiwandani na kupima. Watu wengi huiruka hatua hii. Mashine ikikosea hata kwa mwendo wa kawaida, basi kosa si ovakloki bali ni kijiti kibovu, nafasi chafu au kijiti kisichokaa sawasawa. Yetu ilipita. Tulitumia Memtest86+, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows. Chukueni toleo la 6 la mwaka 2022 au la baada yake, kwa kuwa yale ya kale hukwama kwenye mashine nyingi mpya. Mzunguko mmoja hautoshi. Sisi tuliiacha usiku kucha, na siku ya pili umeme ukakatika saa nane, tukaanza upya. Kosa hata moja tu linahesabika. Usiseme "ni moja tu".

Kisha tukapima kijiti kimoja kimoja kwa 3200, katika nafasi ile ile. Vyote 4 vikapita. Tukavipima viwili viwili, vikapita. Tukaweka vyote 4, na makosa yakaanza kuonekana kabla ya saa moja kuisha. Hapo ikabainika kwamba hakuna kijiti mgonjwa, bali njia ndiyo iliyoelemewa. (Ukitumia vijiti 2 katika madabodi ya nafasi 4, kwa kawaida hukaa nafasi ya 2 na ya 4 ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Someni kitabu cha madabodi yenu.)

Vijana wakataka kuongeza volti. DDR4 ya kawaida hutumia volti 1.2, na XMP yetu ilikuwa tayari imepandisha hadi 1.35. Tukakataa kupita hapo, kwani volti huleta joto. Tena msiwe na imani kubwa na neno "auto". Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD Ryzen 7000 ziliungua baada ya madabodi kuzipelekea volti nyingi zenyewe pale ramu ilipoongezwa mwendo, na AMD ikalazimika kuweka kikomo cha 1.3 kwa volti hiyo ya ndani ya prosesa.

Tukajaribu kulegeza muda wa kusubiri amri kutoka 1T kwenda 2T. Makosa yakapungua, lakini kupungua si kuisha. Ndipo tukashusha mwendo hadi 2933. Usiku mzima, hakuna kosa.

Tukadhani kazi imekwisha, kumbe bado. Usiku chumba kina upepo, na mchana wa kaskazi huku pwani feni inapuliza hewa ya moto. Tukarudia mchana, dirisha limefungwa. Kisha tukaendesha Prime95 ndani ya Windows kwa saa kadhaa, maana Memtest86+ haiichemshi prosesa kama kazi ya kweli inavyoichemsha. Ikapita.

Kama baada ya kubadili kitu mashine itakataa kuwaka, usiogope. Nyingi hujaribu mara kadhaa kisha hurudi zenyewe kwenye hali ya kwanza. Isiporudi, chomoa waya wa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi, ngoja dakika chache, kisha uirudishe.

VIPI MAFAILI YALIYOKWISHA HIFADHIWA?

Hapa ndipo elimu ya Hadithi ilipotusaidia. Wanafunzi wa Mustalah wanajua kwamba msimulizi hatoshi kuwa mkweli, lazima awe na dhabt, yaani uhifadhi madhubuti. Na wapo wasimulizi waaminifu ambao hifadhi yao ilichanganyikiwa uzeeni, kama Ata bin as-Saib wa Kufa. Wanavyuoni hawakumtupa moja kwa moja. Waliuliza: nani alisikia kwake kabla ya kuchanganyikiwa, na nani baada? Waliosikia kabla, kama Sufyan ath-Thawri, riwaya yao kwake ilikubaliwa.

Nasi tukafanya hivyo hivyo. Kurekebisha ramu hakusahihishi kilichokwisha andikwa vibaya kwenye diski. Tukatafuta tarehe ya kuchomekwa vijiti vipya. Faili lililohifadhiwa kabla yake na halikuguswa tena, tuliliacha. Lolote lililofunguliwa na kuhifadhiwa baada yake, tulililinganisha na karatasi za mitihani, jina kwa jina. Nakala tulizozihamishia kwenye flashi baada ya tarehe hiyo nazo hatukuzihesabu kuwa nakala. Kazi ilichukua siku 9, na dada karani ndiye aliyeisimamia baada ya sisi kumwomba radhi mbele ya walimu wote. Tulikuta alama nyingine mbili zisizolingana na karatasi. Binti yule yuko darasa la mbele.

Ndani ya mlango wa kasha tumebandika karatasi: vijiti 4, 2933, volti 1.35, tarehe ya kupimwa, na jina la aliyepima. Anayetaka kubadili chochote aandike chini yake kwanza.