Ruta ya bure kutoka kwenye linki: ndani kuna nini?

Unajiandaa na CCNA, hela ya ruta halisi huna, ila laptopu ipo. Unaweka GNS3 au EVE-NG, halafu unagundua ni jukwaa tupu: faili la mfumo wa ruta unalileta mwenyewe. Hapo ndipo mtu kwenye grupu anakurushia linki. "Pakua tu, inapiga kazi."

Sawa, inapiga kazi. Lakini hilo halithibitishi usalama. Mwaka 2015 watafiti wa FireEye walitangaza SYNful Knock: ruta 14 za Cisco huko Ukraine, Ufilipino, Meksiko na India zilikutwa na mfumo wa IOS uliochezewa. Ziliendelea kupitisha data kama kawaida, huku mvamizi akiwa na nywila yake ya siri. Hizo hazikutokana na linki za bure, ila somo ni lilelile: mfumo uliochezewa haujitangazi.

Utasema, "Si iko ndani ya mashine pepe?" Kweli, ukuta upo. Shida ni kwamba wengi tunaiunganisha maabara na waifai ya nyumbani ili ipate intaneti. Hata ukipitia NAT, mara nyingi ruta hiyo inaweza kuzifikia simu, printa na kamera za nyumbani. Mbaya zaidi ni skripti za kutengeneza leseni bandia, zile unazoambiwa uziendeshe kama root. Hapo umemkabidhi usiyemjua seva nzima ya maabara, na masharti ya leseni umeshayavunja.

Je, heshi ya SHA-512? Inasaidia ukiilinganisha na ile ya tovuti ya mtengenezaji. Heshi iliyobandikwa pembeni ya linki inathibitisha tu kwamba umepokea alichokutumia.

Njia halali zipo. FRRouting ni chanzo huria. CHR ya MikroTik ni bure kwa kasi ya Mbps 1 kwa kila kiolesura, na hiyo inatosha kabisa kujifunza OSPF na BGP. Juniper wanatoa vJunos kwa ajili ya maabara. Cisco nao wana toleo la bure la CML, lenye nodi 5.

Na kama faili la linki tayari unalo? Litoe kwenye mtandao wa nyumbani leo, na nywila uliyoiandika humo, kama unaitumia kwingine, ibadilishe.