Lugha za Wazee Katika Mitaa ya Eastlands

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni, Bahati na Makadara, jambo hili huonekana mara nyingi. Nyanya hufika kutoka mashambani kuwatazama wajukuu zake. Huwasalimu kwa lugha ya kwao, nao watoto hutazamana, kisha humgeukia mama yao awafasirie. Upendo upo, lakini mazungumzo hayapo.

Mambo hayo hayakuanza jana. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa vijiji vya zamani vya mji wahamishiwe huko. Kijiji cha Pangani nacho kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wenyeji wake wengi walihamia Shauri Moyo. Baadaye ikajengwa mitaa mingine. Mjaluo akapakana na Mkamba, Mluhya na Mkikuyu, wote wakateka maji katika bomba moja. Ili majirani wapatane, ilibidi wazungumze Kiswahili.

Watoto waliozaliwa humo walicheza pamoja, wakachanganya Kiswahili, Kiingereza na maneno ya makwao, na ndivyo ilivyokua Sheng. Hata neno lao la mashambani, ushago, hutokana na neno la Kikikuyu lenye maana ya kijiji. Basi lugha za wazee hazikutoweka zote. Vipande vyake vimebaki midomoni mwa vijana, ijapokuwa wengi hawajui vilikotoka.

Shule nazo zilisaidia mageuzi hayo. Mwaka 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilishauri kwamba madarasa ya mwanzo yatumie lugha ya wenyeji wa mahali. Lakini mwalimu wa Eastlands, ambaye darasa lake lina watoto wa makabila kumi, atachagua lugha ya nani? Mtaala mpya ulioanza kote nchini mwaka 2019 umezipa lugha za asili nafasi katika madarasa ya chini, lakini swali ni lile lile.

Wengine husema hakuna hasara, kwa kuwa Kikikuyu au Kijaluo kingali kikisemwa na mamilioni mashambani. Lakini ziko lugha zisizo na akiba hiyo. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, katika Ziwa Victoria, walioana na Wajaluo, wakafanya biashara nao, na watoto wao wakasoma Kijaluo shuleni na kanisani. Leo Wasuba wengi husema Kijaluo. Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walipoanza kufuga ng'ombe kama Wamaasai, walichukua na lugha yao, na sasa Kiyaaku karibu kimetoweka. Watu hawa hawakuhamia mjini. Wazazi waliacha tu kuzisema na watoto, na vizazi vichache vikatosha. Mtoto wa Kisuba aliyezaliwa Jericho, ikiwa hasikii Kisuba nyumbani, hata akienda kisiwani huenda asikisikie kwa jamaa zake.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imeiagiza Serikali kukuza na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Umoja wa Mataifa nao umeitenga miaka 2022 hadi 2032 kuwa muongo wa lugha za asili. Hata hivyo sheria haiingii jikoni wakati wa chakula cha jioni. Aliyeko huko ni mzazi.

Kiswahili si adui wa lugha hizo. Mtoto aweza kujifunza lugha mbili au tatu pamoja, maadamu azisikie kila siku. Ikiwa baba na mama ni wa makabila mbalimbali, yafaa kila mmoja aseme na mtoto kwa lugha yake. Mtoto akikosea, asichekwe, kwa maana anayechekwa hunyamaza. Wakati wa likizo na apelekwe kwa wazee, na hadithi zao zinaswe kwa simu wangali hai.

Mkulima asiyeweka mbegu hana cha kupanda mvua inaponyesha. Vivyo hivyo, mzazi asiyesema lugha yake na mtoto leo asitazamie kwamba mjukuu ataijua kesho.